Kabla ya Kupaka Rangi, Tutafute Maji



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii tunajibu swali tuliloulizwa hapa Chale mwezi uliopita, darsa ya akina mama ilipokwisha. Aliyeuliza ni mama kijana anayepanga nyumba upande wa Kinondo. Aliwasubiri wenziwe waondoke, kisha akasema: "Sheikh, chumba ninachoswalia kina ukungu mweusi ukutani, na mswala wangu nao umeshika madoa. Je, swala zangu zimesihi?"

Tulimjibu kwa msingi tulioupokea kwa walimu wetu chuoni: asili ya vitu ni tohara mpaka najisi ithibiti. Ukungu unaoota ukutani au kwenye kitambaa kwa sababu ya unyevu si najisi, ingawa ni uchafu unaofaa kuondolewa. Swala zake zimesihi. Jambo hubadilika pale inapothibiti kuwa majimaji yale yanatoka kwenye shimo la choo. Hapo palipolowa pasafishwe, na mtu aswalie pengine.

Alishukuru, lakini hakuinuka. Tukamuuliza kama kuna jingine, ndipo akasema lililomleta hasa. Mtoto wake wa miaka mitatu hukohoa kila masika, na usiku kifua humlia. Mama mkwe amesema mbele ya watu kwamba nyumba ya mwanamke nadhifu haioti ukungu. Naye ameusugua ukuta ule mara asizoweza kuzihesabu, ameupaka rangi mara mbili kwa pesa za mahamri anayouza asubuhi, na kila mara madoa yamerudi kabla ya mwezi kwisha.

Swali la swala lilikuwa jepesi. Hili la pili ndilo lililotutia haya, kwa sababu nasi tumewahi kusimama upande wa mama mkwe.

Nyumbani kwetu kuna chumba cha nyuma wanacholala wajukuu wakija likizo. Ukuta wake mmoja ulikuwa ukishika ukungu kuanzia sakafuni hadi kimo cha magoti. Kwa miaka mitatu, kila mwezi wa Shaaban, tulinunua kopo la rangi ili Ramadhani itukute nyumba ikiwa safi. Idd ikifika, rangi ilikuwa imefura malengelenge. Mfunguo Pili ikianza, inabambuka. Siku moja tulimwambia mama watoto maneno mazito, kwamba chumba hakifunguliwi wala hakipigwi deki inavyostahili. Alinyamaza. Ukimya ule tunaukumbuka kuliko neno lolote ambalo angetujibu.

Mwaka wa nne tulimwita mwashi mzee kutoka Gazi. Hakuutazama ukungu kwa muda mrefu. Aliweka kiganja ukutani, akatoka nje, akaizunguka nyumba, akasimama mbele ya bomba letu la udhu. Bomba hilo tulilijenga wenyewe, tukaliegemeza kwenye ukuta ule kwa upande wa nje ili tusitembee mbali alfajiri. Sakafu yake iliinamia nyumba badala ya kuinamia mtaro. Mara tano kwa siku, kwa miaka, tulikuwa tukiumwagilia maji ukuta wa wajukuu wetu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita moja, sisi tuliliacha bomba wazi tangu kuosha viganja mpaka kuosha miguu. Mzee alisema neno moja tu: "Sheikh, ukungu huu ni wako."

Tulirudi ndani tukamwomba radhi mama watoto. Tangu siku hiyo tumeshika kanuni moja, nayo ndiyo tunayowausia wasomaji wetu: ukungu ukionekana, usiulize kwanza nani mchafu. Uliza maji yanatoka wapi.

MILANGO MINNE YA MAJI

Mbegu za ukungu ni ndogo mno na zinaelea hewani katika kila nyumba, iliyo nadhifu na isiyo nadhifu. Hazioti mpaka zipate unyevu, na zikiupata, siku moja au mbili zaweza kutosha. Basi ukuta wenye ukungu ni ukuta wenye maji, na katika pwani yetu maji huingia kwa milango minne.

Mlango wa kwanza ni ardhini. Ukuta uliojengwa bila tabaka la nailoni nzito juu ya msingi hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta. Alama yake ni madoa yanayoanzia sakafuni na kupanda, mara nyingi yasivuke kimo cha mita moja, pamoja na unga mweupe wa chumvi unaochomoza kwenye plasta. Hapa kwetu kuna balaa la ziada, nalo ni mchanga wa ufukweni. Wako wanaojengea mchanga huo kwa kuwa uko karibu na haununuliwi, wengine wakachanganya saruji kwa maji ya kisima cha chumvi. Kila mama anajua jinsi kidau cha chumvi jikoni kinavyolowa wakati wa masika bila ya kutiwa maji. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa maji ya hewani pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, na usiku wa pwani hupita kiwango hicho mara nyingi. Ukuta wa mchanga wa chumvi hujilowesha wenyewe kila usiku, hata kama hakuna bomba wala mvua.

Mlango wa pili ni paani. Msumari uliolegea, bati lililotoboka au makuti yaliyochakaa huacha doa la hudhurungi juu ya ukuta au kwenye dari. Lakini maji ya paa hudhuru hata yasipovuja. Chukua paa la mita 10 kwa 8. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya mwezi wa Mei, huangusha juu yake lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Pasipo mfereji wa kuyakinga, ndoo zote hizo humwagika chini ya upenu, mguuni pa ukuta. Aliye na mfereji na tangi hupata maji ya kufulia, na ukuta wake hubaki mkavu.

Mlango wa tatu ni maji yetu wenyewe: bomba lililopasuka ndani ya ukuta, sakafu ya bafu iliyofanya nyufa, karo la kuoshea vyombo, na mahali pa udhu. Mlango huu una alama moja iliyo wazi: doa haliondoki hata wakati wa kiangazi.

Mlango wa nne ni hewa. Pumzi za watu waliolala, mvuke wa sufuria, nguo zinazoanikwa ndani siku za mvua, yote hayo hupanda hewani na kutua penye ubaridi na pasipopitiwa na upepo: nyuma ya kabati, pembeni mwa dari, chini ya godoro lililo sakafuni. Ukungu wa mlango huu hutapakaa kwa vidoadoa, wala hauna mstari wa kupanda kutoka chini.

Ukitaka kuupambanua mlango wa hewa na mingine mitatu, kuna jaribio rahisi. Kata kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa kurasa mbili za gazeti. Pangusa ukuta ukauke juujuu, kisha kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na upenyo. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, maji yanatoka hewani. Yakiwa upande wa ukutani, nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani, nawe utoke nje ukatafute yanakoingilia.

STARA NA UPEPO

Hapa tunagusa jambo ambalo waume hulisahau. Mama nyumba nyingi hufunga madirisha kwa ajili ya stara na kwa hofu ya mbu, na haiwi haki kumlaumu mtu kwa kufunga dirisha linalotazamana na njia ya wapita njia. Suluhisho ni la mjenzi. Matundu ya hewa yakiwekwa juu, karibu na dari, katika kuta mbili zinazoelekeana, upepo wa Kusi na wa Kaskazi utapita bila jicho la mtu kuingia. Dirisha likiwekwa wavu wa mbu na pazia jepesi, hufunguka mchana kutwa. Nyumba za kale za Lamu zilijua hesabu hii: nje ni kuta zilizofumba, na ndani ni kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, wanawake wakikaa katika stara na upepo kwa pamoja.

Kwa mama nyumba mwenyewe kuna mambo madogo yenye faida kubwa. Kabati na kitanda visogezwe mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Sufuria ifunikwe inapochemka, na mlango wa jiko unaoelekea nje uwe wazi wakati wa kupika. Mvua ikikatika, madirisha yafunguliwe. Misahafu isiegemezwe kwenye ukuta wenye unyevu; iliyoshika ukungu ipelekwe nje kivulini penye upepo, ipanguswe kwa kitambaa kikavu, ukurasa kwa ukurasa.

Na udi? Tunaupenda, na harufu yake ni sehemu ya nyumba zetu. Lakini kufukiza udi katika chumba chenye uvundo hakukaushi hata tone moja, na moshi wake humsumbua mtoto mwenye pumu. Tusiufanye udi kuwa buibui la ukuta mgonjwa.

KUSAFISHA NA KUTENGENEZA

Utaratibu ni huu: ziba maji, kausha, safisha, kisha paka. Ukianzia mwisho, umetupa pesa.

Anayesafisha avae barakoa na glavu, afungue madirisha, na awaondoe watoto na mwenye pumu. Asiusugue ukungu ukiwa mkavu, maana vumbi lake litaenea nyumba nzima. Aulowanishe kwanza kwa maji ya sabuni, asugue, apanguse, kisha aache upepo ukaushe. Anayetaka kutumia jiki achanganye kikombe kimoja katika lita 4 za maji, si zaidi, akijua kuwa jiki hung'arisha doa lakini haizibi maji. Tunaonya kwa mkazo: jiki isichanganywe kamwe na siki, wala na dawa ya kuoshea choo, wala na dawa yoyote yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua mtu ndani ya bafu dogo. Nguo na miswala ifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Godoro lililoingiwa na ukungu ndani halisafishiki, litupwe. Na ukungu ukizidi eneo la mita moja kwa mita moja, ni bora aitwe fundi.

Kuhusu kupaka, tuwasikilize wazee. Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini Diani, ulijengwa karne nyingi zilizopita kwa matumbawe na chokaa, na bado unaswaliwa. Chokaa ina sifa mbili. Ni kali, na ukungu hauupendi ukali huo. Tena inapumua, maji yaliyoingia ukutani hupata njia ya kutoka. Saruji ngumu na rangi ya mafuta hufunga njia hiyo. Mafundi wanaohifadhi Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na 2001, wamejifunza hilo kwa hasara: ukuta wa matumbawe uliopigwa plasta ya saruji hubaki na maji ndani, plasta ikavimba na kuanguka. Basi mwenye ukuta wa mawe ya timbo au wa matumbawe unaolowa, aikwangue plasta iliyokufa, angoje miezi ya Kaskazi, Desemba hadi Machi, ukuta ukauke, kisha apige plasta ya chokaa kwa mchanga usio na chumvi, na kuipaka chokaa nyembamba mara tatu. Rangi ya mafuta aiache.

NAFAKA ILIYOLOWA

Sasa tunawageukia wenye nyumba za kupangisha, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, wengi wao wakiwa ndugu zetu tunaopanga nao safu msikitini.

Imepokewa na Abu Hurayra (r.a.), katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamtaka aiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, na akabainisha kwamba anayeghushi hayumo katika njia yake. Tazama, ndugu yetu: mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lilikuwa kuufunika unyevu kwa kilicho kikavu. Basi anayejua kuwa ukuta wake unalowa, akaupaka rangi mpya wiki ya kumwingiza mpangaji, anafanya nini zaidi ya yule wa sokoni? Fuqahaa wetu wamesema katika mlango wa ijara kwamba mpangaji akikuta kasoro inayopunguza manufaa ya nyumba ana hiari ya kuuvunja mkataba. Hiyo ni haki yake, tusimhesabie kuwa ukorofi.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la rangi na uzuri tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na ukungu wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya kifua na ya kuzidiwa na pumu. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa Kiislamu aitwaye Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili. Baba yake alikuwa ameripoti ukungu tangu mwaka 2017, akaambiwa aupake rangi. Novemba 2022 hakimu wa uchunguzi wa vifo aliamua kuwa mtoto aliuawa na maradhi ya njia ya pumzi yaliyotokana na kukaa muda mrefu katika ukungu wa nyumba ile. Wenye nyumba walikiri baadaye kuwa walikuwa wamedhania tu kwamba sababu ni namna ya maisha ya familia yenyewe. Mwaka uliofuata Bunge la nchi ile lilipitisha sheria inayobeba jina la mtoto huyo, ya kuwalazimisha wenye nyumba za umma kutengeneza kwa muda maalumu. Allah amfanye mtoto huyo kuwa akiba kwa wazazi wake.

Rochdale ni nchi ya baridi, na Kinondo ni nchi ya fukuto. Lakini maneno mawili yaliyosemwa kule ndiyo yanayosemwa hapa: "Paka rangi," na "Ni uchafu wenu." Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tunayapaka maradhi rangi ya krimu.

Mama yule wa Kinondo alifanya jaribio la nailoni. Matone yalikuwa upande wa ukutani. Yeye na mumewe walitoka nje mvua ikinyesha, wakaona maji ya bati yakianguka bila mfereji juu ya kifusi kilichorundikwa nyuma ya nyumba, kimo chake kikipita sakafu ya chumba. Mume alichukua jembe siku ile ile, akakiondoa kifusi na kuchimba mtaro. Mtoto amepelekwa kliniki, na sasa analala sebuleni. Mwenye nyumba ameombwa mfereji, amesema atakuja masika yakiisha. Ukuta haujakauka. Tumemwahidi mama huyo kuwa tutazungumza na mwenye nyumba, na huenda akausoma ukurasa huu kabla hatujafika mlangoni kwake.

Kwa wazazi wote: mtoto ambaye kifua kinamlia, au mbavu zake zinaingia ndani anapopumua, apelekwe hospitali mara moja, asingojewe ukuta ukauke.

Katika Surat An-Nahl Mola wetu anatuhesabia nyumba kuwa miongoni mwa neema zake, mahali alipotupa pa kutulia. Mtu hatulii penye unyevu, wala hatulii penye lawama. Basi wiki hii, ewe mume, ewe mama mkwe, kabla ya kusema neno kuhusu ukuta, weka kiganja chako juu yake, kisha toka nje uizunguke nyumba. Na kama neno lilikwisha kutoka, kama lilivyotutoka sisi, rudi ndani uombe radhi.